Maji Makali kwenye Redio za Patroba

Jumatatu, 18 Machi 1968. Busia

Norah mwanangu, kabla sijagusa habari za ugonjwa, nianze na watu. Baba yako Patroba anakusalimu kwa mdomo wa upande mmoja, lakini jina lako analitamka lote. Nyanya yako Truphena anakusalimu kutoka kitandani kwake, na anauliza kama huko Kisumu mnakula samaki mbichi au wa kukaushwa. Mdogo wako Selpher anakusalimu. Daftari hili ni lake la hesabu, aliandika kurasa tatu tu, nikalichukua. Jirani yetu Hajarah wa hoteli ya chai anakusalimu na watoto wake watano, na huyo wa sita aliye tumboni anakusalimu kwa mateke, ndivyo alivyoniambia niandike. Mimi mama yako Asio nimejiweka mwisho kwa sababu kalamu ninayo mimi, hakuna wa kunisahau.

Ulisema niandike kila siku hali ya baba, ukija likizo usome, kama zile karatasi mnazoandika ninyi wauguzi kitandani kwa mgonjwa. Sawa. Lakini mimi niliishia darasa la nne kwa wamisheni, utanivumilia.

Leo ameamka. Amekunywa uji nusu kikombe. Mkono wa kulia ganzi tangu alipoanguka Februari. Mguu anauburuta. Mvua bado.

Jumanne, 19 Machi

Uji kikombe kizima. Mkono vile vile.

Alhamisi, 21 Machi

Baba yako mkubwa Cornelius amekuja kutoka Funyula na mwavuli, ingawa mbingu ni nyeupe. Alikunywa chai akimtazama ndugu yake kama unavyotazama ng'ombe aliyeanguka mtoni. Kisha akazungumza nami kana kwamba baba yako hayupo.

"Mama Norah, shemeji yangu, fundi bila mkono ni nini? Ni mgeni mjini. Arudi bomani kwetu, akae karibu na makaburi ya wazee. Kibanda cha redio apewe mwingine."

Baba yako akainua mkono wa kushoto. Maneno yake siku hizi yanatoka moja moja, kama watu wanaotoka kanisani kwa mlango mwembamba.

"Mikono... iko."

"Iko wapi, Patroba?"

Akanionyesha kwa kidevu. "Yake. Kichwa... changu."

Cornelius alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Binti wa fundi bati atengeneze redio! Haya. Mimi si mtu mbaya. Kichwa chako kikiwa kizima, kaa hapa, nitaangalia mvua ikiisha. Lakini na kichwa nacho kikiharibika, Patroba, nakuja na lori, sitamuuliza mtu."

Nilikusanya vikombe. Nilikuwa kama mtu aliyeukalia mguu wake muda mrefu: najua upo, siusikii.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana. Amekula ugali kidogo kwa mkono wa kushoto, hataki kulishwa.

Nikueleze kazi, maana wewe ulikuwa shuleni, hukukaa kibandani. Hizi redio mpya hazina zile chupa za kuwaka kama ile ya zamani ya mwalimu mkuu. Ndani mna kibao chembamba, rangi ya chapati iliyoungua, na chini yake kuna njia nyembamba za shaba zimebandikwa. Waya za betri na waya za spika zinakuja kushikana na njia hizo. Hapo ndipo redio nyingi zinapofia. Watu wanazining'iniza kwenye usukani wa baiskeli, zinatikisika toka hapa mpaka Tororo, waya inang'oka, mtu analeta anasema redio imerogwa.

Baba yako ameketi kwenye kiti, mimi kwenye gogo mbele ya jiko la makaa. Chuma cha kulehemu, kile chenye ncha ya shaba, kiko kwenye makaa.

"Waya... ijishike kwanza," alisema. "Bila risasi."

Maana yake unaimenya, unazisokota nyuzi zake pamoja, unaipitisha kwenye tundu, unaikunja upande wa pili mpaka ukiivuta kidogo haitoki. Halafu unagusisha chuma kwenye waya na kwenye shaba, zote mbili kwa pamoja, zipate moto. Risasi, ile waya laini inayoyeyuka, unaigusisha hapo, siyo kwenye chuma. Zikiwa na moto zitaivuta zenyewe. Kisha unatoa chuma na unakaa kama maiti, unahesabu ishirini. Ikitikisika kabla haijalala, inakuwa na rangi ya jivu, na hiyo ni kazi bure. Mwisho unaifunga waya kwa uzi kwenye tundu lingine la kibao, ili mtu akiivuta, uzi uumie kabla ya kiungo.

Na kabla ya yote waya inapakwa ulimbo, ule mkavu wa rangi ya asali, ili risasi itambae.

"Ulimbo tu," alisema. "Si yale maji... ya baba yako."

Unamkumbuka babu yako Egau na bati zake kule Molo. Yeye alipaka bati kwa maji makali, ile asidi aliyoilisha maganda ya betri kuukuu mpaka inaacha kuchemka. Ndoo alizolehemu zilishika maji miaka na miaka. Baba yako tangu uchumba alimwita fundi wa vibatari, mbele ya watu, na watu walicheka, na mimi nilicheka nao kwa sababu nilikuwa nataka kuolewa. Chupa ya mwisho ya mzee ninayo mimi jikoni. Bado naziba ndoo za majirani kwayo.

Baba yako hakusema kwa nini si maji yale. Nami sikuuliza.

Leo nimeharibu kibao kibovu alichonipa nijifunzie. Chuma kilikuwa na moto mno, njia ya shaba ikabanduka kama utando wa maziwa.

"Umeiunguza," alisema. "Tena."

Jumatano, 27 Machi

Tena.

Alhamisi, 28 Machi

Tena. Mkono wake vile vile. Wangu una malengelenge mawili.

Jumamosi, 30 Machi

Redio ya Hajarah imepona! Waya mbili za betri na moja ya spika. Nilihesabu ishirini bila kupumua mpaka nikaona nyota. Baba yako aliichukua kwa mkono wa kushoto, akaiangalia kwa ile lenzi yake, akavuta waya, ikabaki. Akasema, "Mm." Ndiyo yote aliyosema.

Hajarah alipoiwasha hotelini watu waliacha chai wakasikiliza. Akaniita kwa sauti, "Fundi! Fundi Mama Norah! Sasa mume wangu akikoroma nitakuletea na yeye umkaze waya!"

Nilicheka. Nilijisikia nacheka, kama unavyosikia mtu mwingine anacheka chumba cha pili.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Redio mbili. Amekula samaki.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Alitembea mpaka mlangoni akishika ukuta. Mkono vile vile.

Ijumaa Kuu, 12 Aprili

Ulimbo umeisha. Selpher alikwenda dukani Tororo jana, Mhindi akasema mzigo haujafika, labda mwezi ujao. Redio sita ziko mezani, moja ya Osire wa Rubongi, yule mkulima mwenye baiskeli ya kengele mbili. Sijamwambia baba yako. Amelala vizuri siku mbili hizi, nikaona nisimharibie Pasaka.

Jumatatu ya Pasaka, 15 Aprili

Nimetumia maji makali ya baba yangu.

Nilifanyia jikoni, nikamwambia baba yako makaa ya kule ni makavu zaidi. Tone moja tu kwa unyoya wa kuku. Norah, risasi ilikimbia! Ulimbo unaibembeleza, maji yale yanaiamuru. Kiungo kiling'aa kama jicho la samaki. Nilimpelekea, akatazama kwa lenzi, akavuta. Akatazama tena.

"Mzuri," alisema.

Wiki tatu nimepata "mm" tu. Nilirudi jikoni nikasimama karibu na ile chupa. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Fundi wa vibatari, eh?"

Jumamosi, 20 Aprili

Zote sita zimekwenda kwa wenyewe. Osire alipiga kengele zote mbili akiondoka. Uji, ugali, mboga. Mvua.

Ijumaa, 26 Aprili

Redio tatu. Watu wanavuka kutoka upande wa Uganda kuja kuniona nikilehemu, wanasimama mlangoni kama niko na ndama wa vichwa viwili. Baba yako anawaeleza, neno moja moja. Anapenda. Jana alimwambia mtu, "Mikono... yake. Kichwa changu," na macho yake yalikuwa kama zamani.

Ijumaa, 3 Mei

Barua yako imefika. Asante kwa dawa ya kuchua. Namchua asubuhi na jioni. Mkono vile vile. Mvua haikatiki, mpaka mkate wa Hajarah una ukungu.

Alhamisi, 9 Mei

Redio ya Osire imerudi.

"Mama, hii kitu imenyamaza," alisema. "Juzi inaimba, leo kimya. Mimi nakwenda sokoni, nitapitia saa kumi."

Niliifungua jikoni. Waya ya betri ilikuwa imekatika pale pale kwenye risasi, na pembeni kuna unga wa kijani. Nikasema ni mvua imeingia. Nikaufuta kwa kitambaa, nikalehemu upya kwa maji yale yale.

Baba yako aliuliza kutoka kitini. "Nini?"

"Imekatika tu."

Akafikiri. "Nilikuambia... uhesabu ngapi?"

"Ishirini."

"Ishirini," alisema, polepole, kama mtu anayekagua mlango aliokwisha kuufunga.

Jumatatu, 13 Mei

Nyingine imerudi. Spika. Kijani.

Alhamisi, 16 Mei

Mbili. Baba yako ameniambia nihesabu thelathini. Baadaye akasema hapana, ishirini. Baadaye akasema hajui. Hakumaliza chakula.

Jumamosi, 18 Mei

Cornelius alipita kuelekea Tororo. Alimkuta mteja mlangoni anagomba. Alisubiri mpaka mteja alipoondoka, kisha akauliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniogopesha.

"Patroba, unamfundisha nini mkeo siku hizi?"

"Sijui," alisema baba yako. "Namwambia... kama zamani. Nadhani kama zamani."

"Unadhani."

"Nadhani."

Cornelius alinitazama. Nikatazama jiko.

Jumatatu, 20 Mei

Leo nimekwenda kwa Hajarah, nikamwomba niifungue redio yake.

"Ina nini? Inaimba."

"Nataka kuona tu."

"Fundi gani huyu anafungua mgonjwa mzima!" Lakini akanipa, na bisibisi ya mumewe.

Ile nililehemu Machi, kwa ulimbo. Hotelini kwake mna mvuke wa chai kutwa, kuta zinatoa jasho. Kama ni unyevu, yake ingekuwa ya kwanza kufa. Niliitazama kwa lenzi ya baba yako niliyoificha kwenye kanga. Shaba nyekundu, risasi safi, ulimbo umekaa juu kama kioo. Hakuna kijani hata kidogo.

Nikaifunga. Nikarudi nyumbani nikafungua moja ya zile mbili za Alhamisi. Waya nilipoigusa ikabaki mkononi mwangu, imeliwa ndani, nyuzi zake zinavunjika kama nywele zilizoungua.

Ni maji ya baba. Ndoo ni bati nene, na baba aliosha kila ndoo kwa maji mengi alipomaliza, nilimwona utoto wangu wote, sikufikiri kwa nini. Hapa waya ni nyembamba kuliko uzi, kibao sikukiosha, na asidi imebaki pale inakula, na mvua inaisaidia kula.

Nimekaa. Sikulia. Nilimpelekea baba yako chai, akaniuliza, "Redio ya Hajarah?" nikasema, "Nzima." Akasema, "Ile nilikufundisha... vizuri. Bado kichwa kilikuwepo."

Nilitakiwa kusema pale pale. Nitasema kesho.

Jumanne, 21 Mei

Sikusema.

Jumatano, 22 Mei

Nimewaambia wateja makaa yamelowa. Hataki kuchuliwa, anasema ni kupoteza dawa ya mtoto. Nitasema kesho.

Ijumaa, 24 Mei

Kopo la ulimbo nililokuomba kwa barua, ukalituma na dereva Mutwalibu, limefika. Nimeliweka juu ya kabati. Uji nusu kikombe. Hakuniuliza umetoka wapi.

Norah, nitakuambia ninachoogopa, labda kwa kuandika nitakijua. Siogopi anigombeze. Nikisema, atajua kwamba wakati anajitafuta kichwani mwake kama mtu anayetafuta sarafu gizani, mimi nilikuwa nimesimama karibu na taa. Kila siku ninayonyamaza inaongeza kitu cha kukiri. Jumatatu ingekuwa kosa la kazi. Leo ni kitu kingine.

Jumatatu, 27 Mei

Osire alikuja bila baiskeli. Alikuja kwa miguu kutoka Rubongi, viatu mkononi, matope mpaka magoti. Redio ameibeba kwa kamba. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwa baba yako, akasimama mbele ya kiti.

"Patroba. Dada yangu amekufa Kampala."

"Pole, ndugu yangu. Pole sana."

"Walitangaza kwa redio. Mara tatu wametangaza. Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi, Jumamosi mchana. Majina yote wanasoma, na jina yangu, Osire wa Rubongi, njoo haraka. Jirani wangu naye amesafiri. Mimi nakaa nyumbani, napanda mihogo, redio kimya. Wamezika Jumapili. Mimi napata habari leo asubuhi kwa mtu wa maziwa."

Nje mvua. Hajarah alikuwa amesimama mlangoni kwake ameshika birika, hamimini.

"Uliniambia imepona," Osire alisema. Hakupaza sauti. "Mara mbili umeniambia. Mtu aliyenibeba mgongoni, Patroba, nimeshindwa kumtupia udongo."

Baba yako alijaribu kusimama. Mguu ukakataa. Akabaki nusu, ameshika meza kwa mkono wa kushoto, na akasema maneno mengi kuliko aliyosema tangu Februari.

"Nisamehe. Si yeye. Yeye... anafanya ninavyosema. Mimi ndiye... nasema vibaya. Kichwa changu si kile. Nisamehe, Osire."

Mimi nilikuwa nimesimama pale, Norah. Chuma cha kulehemu mkononi. Nilikuwa karibu nao kama ulivyo mlango na kitasa. Kinywa changu kilikuwa kama mkono wake wa kulia.

Osire aliweka redio mezani, akavaa viatu vyake akiwa amesimama, akaondoka. Matope yake nimeyafuta mimi.

Jumanne, 28 Mei

Hakula.

Jumatano, 29 Mei

Hakula. Chai tu. Nyanya yako ananiuliza nyumba ina nini. Nikamwambia mvua.

Jumamosi, 1 Juni

Cornelius amekuja, hakuketi. Habari za Osire zimefika mpaka Funyula. Alisema Jumamosi ya tarehe 15 anakuja na lori. Nilimtazama baba yako akatae.

"Sawa," alisema baba yako. "Ndugu yangu ana haki. Kimeharibika."

"Na mama Norah?"

"Yeye... asilaumiwe."

Jana nilikuwa nimekuandikia barua ile fupi, unayo sasa, kwamba baba arudi bomani, kwamba labda ni vizuri, apumzike. Niliiandika kama mtu anayekunja nguo. Na najua utakuwa umemwandikia baba yako mkubwa kukubali, kwa sababu mama yako amesema.

Jumanne, 4 Juni

Nimesema.

Asubuhi nilikuwa namvika shati. Mkono wa kulia unauingiza kwanza, kama wa mtoto. Akaniambia, "Nikifika bomani... uwape watu redio zao. Usichukue nyingine. Nisije nikakuharibia... jina na wewe."

Nikaacha vifungo. Nikakaa chini sakafuni.

"Baba Norah, ni maji ya baba yangu."

Hakuelewa.

"Maji makali. Ulimbo uliisha Ijumaa Kuu, nikatumia maji makali. Zote tangu Pasaka. Yanakula waya. Nilifungua ya Hajarah nikaona."

Alishika ukingo wa kitanda kwa mkono wa kushoto.

"Ya Osire?"

"Ndiyo."

"Mara zote mbili?"

"Zote mbili."

"Na kuhesabu?"

"Nilihesabu ishirini kila mara. Ulisema sawa. Habari ya uzi nayo ulisema sawa. Kila kitu ulichosema kilikuwa sawa."

"Sawa," alisema.

"Sawa, baba Norah."

"Umejua lini?"

Hapo ningeweza kusema jana. Wazo lilikuja, nililiona likija. Nikasema, "Tarehe ishirini Mei."

Akahesabu. Niliona midomo inakwenda. Siku kumi na tano. Alipofika siku ya Osire midomo ilisimama, nilijua amefika hapo, kwa sababu macho yaliniacha yakaenda mlangoni, pale mtu yule aliposimama na viatu mkononi.

"Nilimwomba... msamaha," alisema.

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo."

Akageuka ukutani na shati halijafungwa.

Jumatano, 5 Juni

Hasemi nami. Anasema na Selpher. Amekula yote.

Alhamisi, 6 Juni

Hasemi nami. Amekula yote. Mvua imepungua.

Ijumaa, 7 Juni

Hasemi nami. Lakini alimwita Selpher amletee kibao kimoja kilichooza, akakitazama kwa lenzi tangu asubuhi mpaka saa sita, anakigeuza, anakinusa, anakigeuza. Nilimsikia akimwambia, "Babu yako... alikuwa fundi. Wa ndoo." Hakucheka.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi alisema, "Lete zote." Kwangu. Bila jina, lakini mimi tu nilikuwa chumbani.

Nimekwenda kila nyumba. Niliwaambia wote kwa mdomo wangu kwamba kosa ni langu na siyo la Patroba. Wengine walisema hakuna neno. Mke wa mwalimu alisema, "Ndiyo maana kazi za wanaume waachiwe wanaume," nikamwambia, "Ndiyo, mama, nipe redio." Jioni zilikuwa kumi na moja mezani. Sijahesabu ya Osire, hiyo ilikuwa hapo tangu siku ile.

Alinifundisha upya, na sauti yake haikuwa ya hasira wala ya upendo. Ilikuwa ya kazi. Kata waya mpaka uone shaba nyekundu. Osha kibao kwa spiriti na mswaki, kausha, osha tena. Penye njia iliyoliwa, pitisha waya mpya juu yake kutoka ng'ambo mpaka ng'ambo, kama daraja. Ulimbo. Hesabu.

Nimezimaliza nne.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemaliza zote. Ya Osire niliifanya ya mwisho, nikaipeleka Rubongi mwenyewe kwa basi, nikatembea iliyobaki.

Alikuwa shambani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama kwenye matuta. Nikamwambia siku ile Patroba alipoomba msamaha, mwenye kosa alikuwa nyuma yake ameshika chuma.

Alipalilia mhogo mmoja, wa pili, wa tatu.

"Kwa nini unaniambia?"

"Ili usimchukie yeye."

"Mimi namchukia yeye wiki mbili," alisema. "Sasa nianze wewe? Nimechoka, mama." Akaichukua redio, akaiwasha. Ilikuwa inasoma majina. Tulisikiliza majina ya watu tusiowajua, mpaka mwisho, kisha akaizima. "Iko wazi," alisema. "Mwambie Patroba iko wazi." Hakunisindikiza hata mpaka njiani. Sikutarajia.

Nilipomwambia baba yako alisema, "Mm."

Jumanne, 11 Juni

Norah, hali ya baba yako: anakula. Anatembea mpaka kwa Hajarah na kurudi. Mkono wa kulia vile vile, nadhani utabaki vile vile, wewe utajua zaidi. Mguu afadhali. Kichwa kizima. Kilikuwa kizima siku zote, naandika hili polepole ili lisomeke.

Hajanisamehe. Tunakaa chumba kimoja kama wasafiri wawili wanaosubiri basi moja. Mimi nilidhani nikisema nitasikia kitu, uchungu au nafuu. Bado. Labda vitu hivyo navyo vinachelewa.

Jana nilimuuliza, "Unataka kurudi bomani?" Akasema, "Sitaki." Nikasema basi mwambie Cornelius. Akasema, "Atasema... kichwa kibovu hakijijui." Na ni kweli, ndivyo atakavyosema. Mimi nikisema, atasema namtetea mume wangu ili nibaki na kibanda. Nimetuma mtu Funyula jana, Cornelius akajibu kwamba barua yako ya kukubali anayo mfukoni, na yeye anamsikiliza mtu aliyesoma.

Kwa hiyo nakutumia daftari lote na Mutwalibu, anaondoka leo mchana. Selpher aliniambia nichane kurasa za Mei. Sikuchana. Soma na hizo. Baba yako mkubwa akitaka ushahidi mwonyeshe, hata ile ya tarehe 27, hata ikisomwa mbele ya ukoo mzima na mimi nimeketi pale. Andika barua nyingine kwa mkono wako, uiandike kama muuguzi, kwamba ile ya kwanza uliandika kwa sababu mama yako alikuambia, na mama yako hakukuambia kweli. Mutwalibu atarudi Alhamisi kupitia Funyula. Mpe barua mbili, moja ya Cornelius, moja yetu, hata kama yetu ni mstari mmoja tu.

Usingoje zamu yako iishe, mwanangu, omba ruhusa uandike ukiwa umesimama. Lori linakuja Jumamosi asubuhi, na mtu atakayepakiwa ni mzima.